Sura ya Saba: Sisi Huku Wazima

Kweleakwelea hawana adabu. Ukiwafukuza upande huu wanahamia ule, ukiwafukuza ule wanarudi huu, na mwezi wa tano, mpunga ukishaanza kuinamisha vichwa, Mrufiji yeyote mwenye akili zake hufunga mlango wa nyumba ya mjini, akabeba sufuria na mkeka, akahamia shambani. Huko huishi juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo, mpaka mavuno yaishe. Ndiyo maana siku ile Zabibu hakuwa nyumbani Mohoro, ambako wazee wangetaka awe. Alikuwa juu ya dungu la mama mkwe wake, kamba ya makopo mkononi, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, koo limemkauka kwa kelele za tangu alfajiri.

Aliyemwona mgeni mwanzo ni Bi Salima wa dungu la jirani.

"Zabibu wee," aliita. "Huyo anayekuja na sanduku ni wa kwenu au wa kwetu?"

Zabibu akageuka. Mwanamume alikuwa anakuja juu ya tuta kwa viatu vyeusi vya ngozi, viatu vya harusini, kwenye matope ya Mohoro. Bega lake moja lilikuwa chini kidogo kuliko la pili. Bega hilo Zabibu alilijua. Alililalia siku arobaini, akaliota miaka sita.

Kamba ya makopo ikamponyoka.

Bi Salima alipiga kigelegele kirefu, halafu akakikata katikati na kujiziba mdomo kwa pindo la kanga. Alikuwa amekumbuka. Mohoro nzima ilikuwa inajua jambo ambalo mwenye sanduku peke yake halijui.

Hebu nilieleze mapema, maana mambo ya kufichwa hayana raha. Ussi bin Sadala aliondoka mwaka themanini na nne, enzi ambazo mche mmoja wa sabuni uligawanywa nyumba nne na watu wakashukuru. Akaenda Maskati kuendesha gari la Mwarabu. Alirudi mara moja tu, themanini na tisa, akamwoa Zabibu, binti wa Kimatumbi kutoka milimani, huku kaka mkubwa wa Ussi, Yussuf, akisema mbele za watu kwamba ukoo wa wenye maduka hauoi kwa wachimba mihogo. Arobaini za harusi zilipokwisha, Ussi akapanda ndege. Zabibu akabaki na mama mkwe, Bi Ummy, ambaye macho yalikuwa yameshaingiwa na mtoto wa jicho.

Bi Ummy alifariki. Siku hiyo ilikuwa imeshatimu miaka miwili na miezi minne.

Huku kwetu msafiri haambiwi msiba. Utamwambiaje mtu yuko ughaibuni peke yake, nani wa kumshika akianguka? Hungojwa arudi, wazee wakampokea, wakamkalisha kwenye jamvi, na mwenye ulimi mzuri akamwambia kidogo kidogo mpaka mwenyewe aelewe. Yussuf alikuwa ameshachagua hata watu wa kwenda kumpokea Kibiti. Lakini hao wangempokeaje mtu ambaye hakuandika kwamba anakuja?

Ussi alifika chini ya ngazi anahema, akacheka. Mwanya ulikuwa ule ule. Mvi za kidevuni zilikuwa ngeni.

"Hodi dunguni."

"Karibu," alisema Zabibu. "Karibu bwana. Shikamoo."

"Marahaba mke wangu. Usishuke, napanda mwenyewe."

Alivua viatu, akapanda. Dungu halikuwa na nafasi ya watu wawili kukaa mbalimbali. Walikaa magoti yakigusana, na harufu ya udi wa Maskati ikajaa pale penye harufu ya moshi na dagaa. Zabibu alificha mikono yake chini ya kanga, maana kucha zilikuwa nyeusi kwa tope. Alitaka kumshika. Alitaka kuweka uso wake kwenye lile bega na asiseme neno mpaka jua lizame, na kama Mungu angemtaka achague siku moja ya kuishi, angeichagua hiyo, nusu saa yake ya mwanzo.

"Umekonda," alisema Ussi.

"Wewe umenenepa."

"Wali wa Kihindi huo. Hauna ladha lakini unajaza." Alimtazama usoni, akatazama shingo, akarudi usoni. "Zabi. Nilikuwa nimeanza kuisahau sura yako, haki ya Mungu. Ile picha yako imefutika upande mmoja."

"Ungeomba nyingine."

"Ningeomba nini, na kila kanda ya kaseti unayonitumia unaniambia mpiga picha amehama?" Akacheka tena, akachungulia nyuma yake, kwenye kona ya mkeka. "Mama yuko wapi?"

Zabibu alichukua kata, akachota maji mtungini.

"Kunywa kwanza."

"Kaenda kuchanja kuni? Kwa macho yale? Mnamwachaje, Zabi?" Alikunywa, maji yakamtiririka ndevuni. "Kwenye kanda ulisema mwaka huu anakuja dunguni mapema. Ndiyo maana tulipovuka pantoni ya Ndundu nikamwambia dereva mimi sifiki mjini, nishushe njia panda. Nilisema wa kwanza kuniona awe mama."

"Wa kwanza."

"Usininunie. Na wewe si upo?" Alimfinya kidole cha mguu, utani wao wa zamani. "Kwanza ngoja nikwambie, usije ukanicheka. Nimebeba sabuni. Sabuni, kanga, kitambaa cha suruali, na majani ya chai. Nafika Kibiti naona maduka yamejaa mpaka barazani, redio zinaimba, sabuni rangi zote. Nimetoka nazo Arabuni kama mjinga. Yule Mrisho aliyekuja huku likizo mwaka jana, aliporudi kule alinihadithia, nikadhani ananidanganya ili nirudi."

"Kila kitu kipo siku hizi," alisema Zabibu.

"Kila kitu. Lakini hiki hakiuzwi Kibiti."

Akatoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa imekunjwa kwa uangalifu, na karatasi ya ndani ilikuwa na maandishi ya Kiarabu na muhuri wa buluu.

"Viza," alisema. "Kafili wangu, yule Mwarabu anayenidhamini, amekubali. Yule mzee mgumu kama nini, nimembembeleza miaka mitatu. Amesema sawa, Ussi, lete mtu wako. Mtu mmoja."

Enyi watu, moyo wa mwanamke ni mwepesi. Miaka sita ya kulala na redio kaseti kando ya mto, miaka sita ya kuulizwa kisimani kama bado ana mume au ana sauti ya mume, na neno moja tu, mtu mmoja, likamwinua Zabibu kutoka kwenye mkeka wake. Alisahau kila alichopaswa kusema. Alijiona anashuka ndege. Alijiona anafungua mlango wa chumba chenye nguo za Ussi ukutani.

"Mtu mmoja," alisema, na tabasamu likamtoka bila ruhusa.

"Mama," alisema Ussi. "Kule mtoto wa jicho ni kazi ya asubuhi moja, mchana mtu anasoma Kurani. Nimeshaongeza mkataba, Zabi. Miaka minne. Nilikaa nikajiuliza, nirudi nisirudi, kila mwaka swali hilo hilo, nimechoka nalo. Nikaona dawa yake ni moja. Nikishakuwa na mama kule, cha kunirudisha huku ni kipi tena?"

Alisema hivyo kwa furaha, bila inda hata kidogo, na huo ndio ubaya wake. Maneno yalipokwisha kutoka, akayasikia na yeye.

"Na wewe utakuja," aliongeza upesi. "Mwakani. Au mwaka wa pili, kafili akisharidhika. Siwezi kumwomba wawili kwa pamoja."

Ndege walikuwa wamejaa kwenye mpunga upande wa mto. Bi Salima alikuwa anawapigia kelele kwa niaba ya jirani yake, na Zabibu akawa anamsikia kwa mbali.

Alikuwa na namna nzuri za kusema. Miaka miwili alizifanyia mazoezi, akiwa jikoni, akiwa anapalilia. Kuna ile ya kuanza na aya, kuna ile ya kuanza na ugonjwa, kuna ile ya kumshika mikono kwanza. Hakuna iliyomjia. Kilichomjia ni kile kilichokuwa kinamchoma.

"Mama yako amekufa, Ussi. Viza yako mpelekee kaburini."

Mungu amsamehe. Hata adui hapewi habari namna hiyo.

Ussi hakupiga ukelele. Alibaki na karatasi mkononi, akaikunja ilivyokuwa imekunjwa, akaikosea, akaikunjua, akaikunja tena.

"Lini?"

"Ussi, nisamehe, sikutaka—"

"Nimekuuliza lini."

"Rajabu. Mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Alihesabu kwa vidole kama mtoto wa chuoni. "Kanda ya Idi ilikuwa baada ya Rajabu. Na ile ya mavuno. Na iliyokuja na Mrisho. Na mbili za mwaka huu. Tano. Kanda tano, Zabibu, umekaa mbele ya redio unaniambia mama anakusalimu, mama ameota jino, mama amegombana na kuku wa Bi Salima."

"Wazee walisema msafiri haambiwi."

"Najua msafiri haambiwi. Mimi si mtoto wa huku? Msafiri haambiwi, basi, mnanyamaza. Mnasema mama kasafiri, mama amelala. Zile tano zote mnatunga?" "Nilikuwa namsikia. Unapoongea nilikuwa namsikia nyuma yako anakohoa. Nikaenda hospitali nikamwelezea daktari, mama yangu ana kikohozi kikavu, viwili halafu cha tatu. Nikatuma dawa. Kule nyuma aliyekuwa anakohoa ni nani?"

Zabibu aliinama.

"Nani, Zabibu?"

"Mimi."

Ussi aliyavuta magoti yake, yasigusane tena na yake.

"Kaka Yussuf ndiye aliyekuamuru?" aliuliza Ussi, taratibu sasa, kama mtu anayetafuta pa kushika. "Yeye ndiye aliyekwambia ukohoe? Sema ni yeye. Yussuf nitamalizana naye."

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Yussuf alimtukania kabila lake mbele za watu. Yussuf hakuwahi kula chakula chake mpaka mama yake alipomkemea. Angesema ndiyo, nani angemlaumu? Lakini alikuwa amechoka kusema uongo kwa mtu huyu mmoja, na sasa alikuwa anamwona uso.

"Kaka Yussuf alizuia mpaka arobaini tu," alisema. "Baada ya arobaini aliniita akaniambia, mwandikie mumeo sasa, yatosha. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia tumngoje arudi. Nikamlilia mpaka akakubali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba hutarudi." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Barua zako zote nazijua kwa moyo. Mama anakula nini, mama analala wapi, mama anaona kiasi gani. Mwishoni, na wewe Zabi usalimike. Ulikuwa unarudi kwa mama, Ussi. Nikasema, nikimwambia mama hayupo, atarudi kwa nani? Nikamfanya azidi kuishi kidogo. Nilidhani utakuja Idi, nikwambie hapa hapa ukiwa umekaa mbele yangu. Hukuja. Nikasema mavuno. Hukuja. Uongo wenyewe ukawa hauna mahali pa kushukia."

Ussi alicheka, kicheko kibaya.

"Unajua Idi ile kulitokea nini?"

Zabibu akatikisa kichwa.

"Kafili aliniita. Mkataba umekwisha, Ussi, ongeza au nenda kwenu. Nikamwambia nakwenda kwetu. Nimechoka, nina mke. Nilisema hivyo, Zabibu, nina mke. Nikafunga sanduku, hili hili. Mtu akaleta kanda yako. Nikasema ngoja niisikilize kabla sijaondoka." Akaanza kuigiza sauti ya mkewe, na aliijua kila pumzi. "Mpenzi mume wangu, sisi huku wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Mama anasema tafuta kwanza, usiwe na haraka, sisi tupo. Halafu kikohozi. Nikajiambia, basi kama wazima, miaka miwili si mingi. Nikafungua sanduku."

"Kila mtu huanza hivyo," alisema Zabibu. "Barua zote huanza hivyo. Sisi huku wazima. Hata mgonjwa kitandani huandika hivyo."

"Na hilo la tafuta kwanza?"

"Ndivyo alivyokuwa anamalizia mwenyewe alipokuwa hai. Nililiweka ili iwe kama yeye."

Ungesema mama mgonjwa, ningekuja. Ungesema mama amekufa, ningekuja. Ussi hakuyatamka hayo, yalikuwa usoni kwake na Zabibu aliyasoma moja moja. Ni kama yeye Zabibu, kwa mikono yake mwenyewe, ndiye aliyekuwa amelifungua lile sanduku, kule Maskati, nguo baada ya nguo. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba, kile ambacho hakupata nafasi ya kukilia mbele ya mwenye mama. Kwenye madungu ya jirani watu waliacha kufukuza ndege.

Alipotulia, jua lilikuwa limesogea. Ussi alikuwa bado ameshika bahasha.

"Alikufa vipi?"

"Mikononi mwangu. Baada ya adhuhuri. Aliniita mwanangu, akaomba maji, akanywa kidogo."

"Aliniuliza?"

"Kila siku."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaweka bahasha kwenye mkeka, akaisukuma mpaka ikagusa goti la mkewe.

"Viza haijajazwa jina huku mwisho," alisema. "Inabadilika. Tukienda Dar es Salaam wiki ijayo naweza kukuandikisha wewe. Ulimuuguza. Ulimzika. Ni haki yako."

Haki yako. Zabibu aliigusa ile karatasi kwa kidole. Alikuwa anaitaka, nisiwafiche, aliitaka hata hivyo, hata kwa neno lile. Kuna watu wameolewa kwa maneno mabaya zaidi wakaishi vizuri. Alifungua mdomo aseme ndiyo.

"Kohoa," alisema Ussi.

"Nini?"

"Kile kikohozi. Nataka nikisikie. Mara moja tu, Zabi, nakuomba."

Hakuelewa, au alielewa na hakutaka. Lakini macho ya mumewe yalikuwa yamejaa maji, na miaka sita hakuwa amemwomba kitu ana kwa ana. Akakohoa. Viwili vikavu, pumzi, kisha cha tatu chenye kukwaruza mwishoni, na nyuma yake "Yarabi" ya chinichini, kama Bi Ummy alivyokuwa akifanya kila asubuhi kwenye kitanda cha pili.

Ussi alifumba macho. Kichwa chake kikaanza kuinama, kikaja polepole, mpaka kikalala mapajani kwa mkewe. Ulikuwa uzito ule aliouomba kwa Mungu kila sala. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye nywele, ukapita kwenye mvi, ukashika sikio.

"Tena," alisema Ussi.

Akakohoa tena.

"Mama," alisema Ussi, akiwa amefumba macho vile vile, na akajikunja kama mtoto, na akalia.

Mkono wa Zabibu ukasimama. Hata leo hii, akiwa amelala mapajani mwake, mwanamume huyu hakuwa amekuja kwake; alikuwa amekuja kwa mama.

"Inuka, Ussi."

"Ngoja kidogo."

"Inuka, nimesema."

Akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa koti. Zabibu aliichukua bahasha, akairudisha mwenyewe kwenye ule mfuko wa ndani, akaupigapiga ikae vizuri.

"Siendi Maskati," alisema. "Siwezi kukaa ugenini miaka minne nikikukoholea. Niache, Ussi. Bado nina umri. Nataka mtu ambaye nikimwambia mimi ndiye mgonjwa, yeye anavuka mto."

"Umekasirika. Na mimi nimefiwa. Tusiseme leo."

"Tumesema kwa kanda miaka sita. Leo ndiyo leo."

Ussi alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu afike alimtazama kweli, mpaka kwenye zile kucha nyeusi, na Zabibu hakuzificha.

"Kaburi liko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya msikiti. Chini ya mti wa mkilifi."

Alishuka ngazi na sanduku lake. Zabibu alikaa ukingoni mwa dungu akimngoja aseme hapana. Hapana moja tu, hata ya uongo, yeye ambaye alimlisha uongo miaka miwili angeipokea kwa mikono miwili. Angeshuka bila kanga ya kichwa akamfuata kaburini, akamfuata pantoni, akamfuata hata huko alikosema haendi. Ussi alivaa kiatu cha kushoto, akavaa cha kulia, akainama akafunga kamba zote mbili bila haraka.

"Talaka yako nitamwachia Yussuf," alisema.